Tuko Wazima, Hatuna Neno

Mwalimu Nyaga alizikwa siku ya Alhamisi, nyumbani kwake nje kidogo ya Ishiara, katika joto ambalo mahema mawili ya kukodi hayakuweza kulizuia. Nilifika nimechelewa na nimechoka kabla hata ya kuketi, uchovu wa mtu anayekwenda mahali akijua atamkuta nani. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimepita barabara ya upande ule mara nyingi bila kusimama. Nikijiuliza kwa nini, nilijipa sababu za kawaida: kazi, umbali, mtoto mdogo nyumbani. Sababu ya kweli ilikuwa imeketi chini ya hema la pili, karibu na kwaya, kwenye kiti cha magurudumu chenye matairi manene ya njia ya vumbi. Kijana wa miaka kumi na tisa, kichwa chake kimesimama wima, ananitazama tangu nilipoingia langoni. Jina lake ni Njeru. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miaka minane, na mama yake alikuwa amemziba masikio kwa mikono yake miwili.

Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, na sikuamini jambo lolote kabla ya kulihoji mpaka lichoke. Nilikwenda Siakago kujitolea katika kikundi cha wazazi wenye watoto walio na ulemavu. Sikwenda kwa huruma. Kila tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye uzoefu, nami nilitaka barua ya kusema nimewahi kufanya kitu mahali fulani. Kikundi kilikutana kila Jumatano katika stoo iliyo nyuma ya kanisa, chumba cha mabati kilichojaa viti vya plastiki vya harusi, masufuria makubwa ya mazishi, na magunia ya ndengu ya mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akingoja bei ipande. Ndengu zilikuwa zimetiwa dawa ya wadudu, na kufikia saa sita, mabati yakishapata moto, dawa ile ilituwasha macho sote. Mgeni angeingia akatukuta tukifuta machozi, angedhani tumekutana kulia. Kwa kweli hakuna mahali nilipowahi kusikia vicheko vingi kama pale. Akina mama walikuwa wakinyoosha miguu ya watoto wao kwenye mikeka, wanapaka mafuta, wanakanda, na huku wanasimulia habari za waume waliotoroka.

"Wangu alisema anaenda kununua chumvi," alisema mmoja.

"Chumvi ni mbali. Wangu alisema kiberiti."

"Na wewe Wawira wa chuo kikuu, wako atasema anaenda kununua nini?"

"Sina wangu."

"Basi utakula chakula bila chumvi, lakini utalala."

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Nyaga, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, baba wa binti kiziwi aliyekuwa ameshaolewa Meru na kuwa na watoto wake. Kazi yake pale ilikuwa kutengeneza viti vya katoni. Aliomba maboksi madukani, akayakata, akayabandika safu juu ya safu kwa uji mzito wa unga wa ngano, akayaanika nje siku kadhaa, mpaka yakawa magumu kama mbao. Kila kiti alikipima kwa mtoto mmoja, kimkamate kiuno na mgongo. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini tusitumie mbao zenyewe. "Mbao inataka fundi," alisema bila kuinua macho. "Katoni inataka subira. Sisi fundi hatuna." Nikauliza tena, na mvua ikinyesha? Na mchwa wakija? Sasa akainua macho. "Wakija, tutaanza kingine. Shika hapa, uji unakauka."

Saa saba tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, kutoka sufuria moja ya mazishi. Kila mama alimpondea mtoto wake kwanza, akamlisha kijiko kimoja kimoja, akamfuta, akamngojea ameze, akamlisha tena. Alipogeukia sahani yake, mafuta yalikuwa yameshaganda juu. Mwaka mzima niliokaa pale sikuwahi kumwona hata mama mmoja akila chakula cha moto. Niliandika jambo hilo katika daftari langu kama uchunguzi, nikapiga mstari chini yake, nikaendelea kula changu.

Mama Njeru ndiye niliyemzoea zaidi kwa sababu nyumba yao ilikuwa njiani kwenda chumba nilichopanga. Njeru alikuwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake ilipishana kama mkasi, mikono ilikwenda isikotumwa, na maneno yake yalitoka polepole, kila moja likiburutwa. Wengi hawakungoja sentensi imalizike. Waliongojea waligundua kwamba alijua kila kitu: matokeo ya mpira, majina ya wasomaji wa habari redioni, nani katika kikundi amegombana na nani. Mama yake alimbeba mgongoni kwa leso kila mahali, na miguu yake tayari ilikuwa ikigonga mashavu ya miguu ya mama akitembea. Alimwita "baba", kwa kuwa mtoto alikuwa amebeba jina la babu yake, baba mkwe wa mama, kama desturi ilivyo kwetu kwa mwana wa kwanza. "Baba, geuka." "Baba, fungua mdomo."

Njeru alitaka shule. Shule ya msingi iliyokuwa karibu ilikuwa na darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: akija na kiti cha magurudumu nitampokea, bila kiti sina mtu wa kumbeba. Kiti kingepatikana kwa mtoto aliyesajiliwa na kupewa kadi. Kadi ilitolewa baada ya jopo la hospitali kumpima mtoto na kuandika ulemavu wake ni wa kiwango gani. Mgongo wa Mama Njeru ulikuwa umeanza kukataa. Asubuhi nyingine nilimkuta ameinama mlangoni, mkono mmoja ukutani, anangoja maumivu yapite ili ambebe. Mtoto alikuwa anaongezeka uzito na mama alikuwa anapungua nguvu. Sikuhitaji sosholojia kuona kwamba kama kiti kisingepatikana mwaka ule, huenda shule isingepatikana kabisa.

Tulikwenda kwa jopo mwezi wa tatu. Mimi nilikwenda kama mkalimani, kwa sababu Kiswahili cha Mama Njeru kilikuwa cha sokoni na daktari hakuwa mtu wa upande wetu. Mimi ni wa Kanja, nazungumza Kiembu, na Kimbeere cha Siakago si mbali. Nilipofika kwao saa kumi na moja alfajiri nilimkuta Njeru ameoshwa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, amevaa soksi nyeupe na sweta ya rangi ya zambarau iliyoazimwa kwa jirani, katika nchi ambayo sweta ni adhabu. Tulikaa kwenye benchi la hospitali mpaka saa nne. Tulipoitwa, Mama Njeru aliingia mbele yangu, akamweka mtoto kwenye kiti cha mgonjwa, na alipokuwa anamnyoosha sweta nikaona alichofanya. Alikuwa amepitisha leso chini ya sweta, kifuani pa mtoto, akaifunga nyuma ya kiti kwa fundo dogo. Njeru alikaa wima kama mtoto wa picha.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu, na fomu ilikuwa mbele yake.

"Anaendeleaje nyumbani?"

"Ni mzima," alijibu Mama Njeru. "Tuko wazima, hatuna neno."

"Anakula mwenyewe?"

"Anakula vizuri. Maharagwe ndiyo anapenda."

"Anakaa mwenyewe?"

"Si unaona amekaa."

"Na choo?"

"Hanisumbui. Huyu mtoto hajawahi kunisumbua."

Nilitafsiri kila neno. Sikuongeza, sikupunguza. Kalamu ya daktari ilitembea kwenye visanduku, tiki, tiki, na mimi nililiona lile fundo la leso nyuma ya kiti, umbali wa hatua mbili, nikanyamaza. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa sababu mkalimani hana maneno yake. Ni kweli hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Lakini siku zinavyokwenda ninaikubali sababu ya pili, ambayo ni mbaya zaidi. Nilitaka kuona. Nilikuwa nimesema katika kila kikao kwamba mipango hii yote ni karatasi tupu, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka kuona kama jopo lina macho ya kuliona fundo lile bila kuonyeshwa. Niliifanyia serikali mtihani, na karatasi ya mtihani ilikuwa mtoto wa mtu mwingine.

Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi. Mwalimu Nyaga aliyasoma stoo, miwani puani. Ulemavu mdogo. Hahitaji kifaa.

"Wameandika ni mzima?" aliuliza Mama Njeru.

"Wameandika ni karibu mzima."

"Basi ni vizuri," alisema, kisha akaketi juu ya gunia la ndengu. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Akina mama walipoondoka, Mwalimu alinizuia mlangoni. Nilimweleza habari ya leso na ya majibu aliyompa daktari. Nilijitetea mapema, nikasema nilitafsiri kila neno.

"Ulisomea nini, Wawira?"

"Sosholojia."

"Ya wapi? Ya huku ama ya kwingine?"

Hakungoja jibu.

"Mgeni akikuuliza habari za mtoto wako, mama wa huku atasema nini? Ataanza kumhesabia mgeni mashimo ya mtoto wake? Hata nyumba ikiungua, mtu akikusalimia unasema tuko wazima, ndipo umwombe maji ya kuzima moto. Hilo hukulijua? Ulizaliwa Kanja, ama ulizaliwa chuoni?"

"Nilijua."

"Ulijua," alisema, na akaokota kisu chake cha kukatia katoni. Hakunigombeza zaidi, na ningependa angenigombeza.

Aliandika barua ya kuomba mtoto apimwe tena. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja. Katika miezi ile ya kungoja, mimi, kwa kutaka kurekebisha, nilianzisha mazoezi. Kila Jumatano baada ya chakula, Mwalimu aliketi nyuma ya meza kama daktari, na mama mmoja mmoja alikuja mbele kujibu. Watoto walitolewa nje kwanza, chini ya upenu. Akina mama wengine walizoea haraka, hata wakaanza kuyafanya kama mchezo. Mama Njeru hakuweza. Swali la kwanza tu, "Anaendeleaje?", mdomo wake ulijibu wenyewe kwamba ni mzima. Siku moja nilichoka, nikamwambia aseme tu, ni maneno.

"Ni maneno ya mama," alisema. "Mama akisimama mbele ya watu akasema huyu hawezi hiki, hawezi kile, amemfunga. Hiyo ni laana, binti yangu. Na tena jina lenyewe ni la mzee. Nisimame niseme mzee hajiwezi?"

"Daktari hajui habari za laana. Anajua karatasi."

"Ndiyo. Na mtoto je? Mtoto anajua nini?"

Nilikuwa na jibu la laana, nilikuwa hata na vitabu vya laana. Kwa swali la pili sikuwa na kitu. Kwa hiyo nilifanya wanachofanya watu waliosoma wakikosa jibu. Niliandika orodha. Hakai. Hajilishi. Haendi choo. Nikamsomea, akarudia baada yangu kama mtoto wa katekisimu, sauti ikipungua kila wiki, mpaka akaishika yote. Njeru alimuuliza mama yake kinachofanyika ndani watoto wakiwa nje. "Tunafanya mazoezi ya kwaya," mama yake alimwambia. Njeru akauliza mbona hawasikiki wakiimba.

Siku ya pili ya jopo ilikuwa ya mvua. Hapakuwa na sweta, hapakuwa na mafuta, hapakuwa na leso ila ile ya kumbebea. Daktari alikuwa yule yule, ingawa hakutukumbuka. Kabla hajauliza chochote Mama Njeru alinigeukia, akasema kwa Kimbeere nimwombe daktari mtoto atoke nje kwanza. Nilitafsiri. Daktari alisema hawezi kumpima mtoto asiyekuwepo, jambo ambalo ni kweli. Njeru alikuwa amewekwa kwenye kiti na alikuwa tayari ameanza kuinamia upande mmoja. Mama yake akasimama nyuma yake, akaegemeza mwili wa mtoto tumboni mwake, akaweka viganja vyake juu ya masikio ya mtoto, akavibana.

"Anaendeleaje nyumbani?"

"Hakai," alisema Mama Njeru, macho ukutani. "Hajilishi. Haendi choo mwenyewe. Usiku namgeuza mara tatu. Hajawahi kusimama. Siwezi kumwacha hata kwenda kisimani."

Hilo la kisima halikuwa kwenye orodha yangu. Nilitafsiri yote. Daktari aliandika, akainua macho, akaona viganja viwili vimeshika kichwa cha mtoto pande zote mbili. "Na kichwa kinashikiliwa," alijisemea, akatia tiki. Hakikuhitaji kushikiliwa. Kichwa cha Njeru kilikuwa kimesimama chenyewe tangu akiwa na miaka mitano. Ni jambo ambalo mama yake alijivunia mbele ya kila mtu. Nilifungua mdomo. Mwaka ule ule, chumba kile kile, nilikuwa nimesema kweli tupu na kweli yangu ikazaa uongo. Sasa kulikuwa na uongo mdogo kwenye karatasi, na juu yake ungesimama ukweli mzima. Nilifunga mdomo. Njeru alikuwa ananitazama, masikio yamezibwa, uso hauna kitu.

Kiti kilikuja mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na shule ikampokea. Mimi sikukiona. Nilikuwa nimeshaondoka na barua yangu, ambayo Mwalimu Nyaga aliiandika kwa mkono, na ndani yake alisema mimi ni mtu mwaminifu. Sijui kama alinitania. Barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ninayofanya mpaka leo mjini Meru, kazi ya kuketi nyuma ya meza na kuwauliza watu maswali na kujaza majibu yao. Nawasikia kila siku. Tuko wazima. Hatuna neno. Nimejifunza kuweka kalamu chini, kusema tuanze na jana asubuhi, uliamka saa ngapi, ulimwamsha vipi. Inachukua muda mrefu, foleni inanung'unika, mkuu wangu ananiuliza mbona mimi ndiye wa mwisho kufunga. Nikirudi nyumbani jioni sina swali lililobaki la kumuuliza mtu yeyote. Sijui tena kama ninaziamini fomu hizo, ila ninajua kuna mtoto upande wa pili wa kila moja.

Baada ya jeneza kushushwa, watu waligawanyika kwenda kwenye foleni ya chakula. Mama Njeru, mwembamba zaidi, amefunga kitambaa cheusi kichwani, alinishika mikono yangu miwili, akaniuliza habari za nyumbani. Nilisema hatuna neno. Akaenda kutuchukulia sahani. Nikabaki na Njeru.

"Umenona," alisema. Sentensi bado zilitoka polepole. Nilizingoja.

"Nimezeeka."

"Hapana. Umenona." Alicheka kabla yangu, kama zamani. Kisha akaniambia kwamba baada ya miguu ya Mwalimu Nyaga kudhoofika, yeye ndiye anayewasindikiza akina mama wapya kwa jopo. Alimaliza darasa la nane, akaingia sekondari, na hospitali nzima inamjua. "Naongea na daktari kwanza. Anampima mtoto, anamwona, halafu mtoto anatoka. Anangoja na mimi huko nje. Tunaongea mpira. Mama anabaki ndani anasema yake."

"Wanakubali?"

"Ukiwaeleza, wanakubali. Hakuna mtu alikuwa amewaeleza."

Nilijua ninachokwenda kuuliza, nikauliza hata hivyo. "Ulianzisha hiyo kwa nini?"

Kwaya ilikuwa inakusanya vitabu vyake. "Mikono haizibi," alisema. "Ilikuwa inatetemeka. Nilisikia mpaka ya kisima."

Nilitaka kuomba msamaha, lakini kwa lipi kati ya yote, na kwa lugha gani. "Mama anajua ulisikia?"

"Hajui. Miaka yote anadhani aliziba." Aliugeuza uso wake wote kwangu, kichwa wima, hakuna mkono unaokishika. "Na wewe usimwambie."

Mama Njeru alikuwa anakuja kati ya viti, sahani tatu zimepangwa juu ya sinia, wali na mchuzi wa nyama, mvuke bado unatoka. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnasema nini nyinyi wawili?"

"Hatuna neno, mama," alisema Njeru.

Aliridhika. Akatoa mfukoni kijiko ambacho mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ukawa mnene, akakitia katika mkono wa mwanawe, akakaza vidole vyake kimoja kimoja. Njeru akainamia sahani yake, akaanza kazi, punje nyingi za wali zikianguka. Mama yake hakumtazama. Alivuta kiti cha plastiki, akaketi kati yetu, akaipuliza nyama, akaanza kula.